Bomba Lisilolazwa

Kabla ya sumaku nilimpokonya vya chuma:
bisibisi, spana ndogo, funguo za Kisauni,
sarafu tatu. Chivatsi, fundi bomba,
miaka hamsini na minne,
kichwa chamuuma upande tangu Mfungo Sita.
Akalala. Mashine ikagonga
kama mtu abishaye mlango wa nyumba iliyohamwa.

Ikaja picha.
Lile duara chini ya ubongo,
ambalo vitabu hulichora mfano wa bangili,
kwake limeacha mdomo wazi.
Kushoto, mrija wa kuunganisha mbele na nyuma,
mwembamba kama uzi wa kudarizia kofia,
haupo.
Nikarudia, nikidhani alimeza mate akatikisika.
Haupo.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika "umeziba,"
Daktari Tima akapiga mstari mwekundu:
"Kilichoziba kilipitisha zamani.
Huu haukulazwa kamwe."
Tangu hapo nina daftari. Si la kazi, langu.
Mama wa Tudor, mirija miwili palipostahili mmoja.
Kuli wa Kilindini, wa kulia mnene, wa kushoto unywele.
Binti wa Mwembe Kuku, mrija uliojikunja ukarudi
kama aliyesahau kitu nyumbani.
Bangili nzima, ile ya kitabuni,
nimeihesabu mara chache
hata naona haya kuiita kawaida.

Chivatsi akaomba kuona.
Ukuchani mwake mna gundi ya mabomba.
"Maji ya huku yatoka wapi?"
Nyuma yaja kwa nyuma, nikamwambia, mbele kwa mbele.
Akacheka. "Kama nyumba moja Kibokoni.
Ramani ya manispaa yasema bomba li chini ya baraza.
Nimechimba siku tatu, hamna kitu,
na mfereji watiririka, wanicheka."

Kisha akanyamaza, fundi kweli:
"Na hili kubwa likipasuka, maji yapitie wapi?"

Nikapanga karatasi zilizokwisha pangika.
Nikamwambia apime presha, apunguze chumvi.
Hilo si jibu, na sote wawili twajua.

Kwa nini kichwa chamuuma, picha haikusema.
Nikaandika: Tofauti ya maumbile. Si ugonjwa.
Nikamrudishia spana, funguo, bisibisi;
sarafu akazihesabu.
Nje ya lango mkokoteni wa mitungi umekwama,
mifereji ya mtaa mzima leo siku ya nne mikavu,
naye ashainama, bega kwenye ubao, ausukuma,
kile kichwa chake kikitangulia.

Mashine imekaa wazi hadi mgonjwa wa saa kumi.
Miaka tisa nawalaza wengine humo.
Mimi sijalala.