Dakika ya Hamsini

Kila siku ilikufa dakika ya hamsini.
Si kwa kishindo. Ilinywea,
kama mtu aliyekumbuka deni katikati ya kicheko.
Mshale ukashuka, elfu mbili na mia mbili,
elfu moja mia tisa, mia saba,
ngoma ya kupuria ikaanza kumeza ngano bila kutafuna,
nami juu, ndani ya kibanda cha kioo,
nasukuma wenzo uliokwisha kufika mwisho.

Mwisho wa Agosti, Saskachewani.
Ngano imekauka, inalia ukiifikicha.
Redio inataja mvua, Alhamisi.
Baba mkwe wangu, Metodi Hawryluk,
miaka sabini na tisa, sikio la kulia limestaafu,
aliweka kiganja ubavuni mwa injini
kama anayepima homa ya ndama.
"Hii haiumwi," akasema. "Hii ina njaa."

Sikumjibu. Tangu tumzike Ostap mwezi wa Machi
tulikuwa tukijibizana kwa vijiko.
Tena nilikuwa na kitabu.
Kitabu kilisema: anza na hewa.
Nikakigonga kichujio kwenye tairi,
kikatema vumbi la mashamba matatu.
Nikapuliza makapi kwenye rejeta
mpaka kope zangu zikawa za manjano.
Nikapaka mpira wa turbo maji ya sabuni, nitafute povu.
Hakuna povu.
Moshi mweusi? Hakuna.
Hapo ningeelewa: injini inayokosa hewa hutoa moshi mweusi,
inayokosa dizeli hufa na uso safi.
Lakini haraka haina masikio.

Siku ya pili nikabadili vichujio vya mafuta, vyote viwili,
kombaini ikavuna kama bi harusi anavyokula kwao,
dakika arobaini na tisa.

Siku ya tatu akaja Kirby Poitras na kompyuta yake,
akaichomeka waya, akasoma, akajikuna.
"Shinikizo la mafuta liko chini. Pampu."
Pampu ipo Winipegi. Itafika Ijumaa.
Mvua itafika Alhamisi.

Tukazima. Tukakaa kivulini mwa tairi.
Nikanywa maji kwenye chupa ya plastiki, kwa kiu,
bila kuitoa mdomoni,
chupa ikabonyea, ikalia *kwakwa*, maji yakagoma.
Metodi akaitazama ile chupa
muda mrefu kuliko chupa inavyostahili.
"Pampu mbovu," akasema, "haiponi kwa kikombe cha chai."
Kweli. Kila tulipopumzika, ilirudi nzima.

Akapanda ngazi, nyonga moja ikibishana na nyingine,
akafungua kifuniko cha tangi,
na tangi likavuta pumzi.
*Fyuuuuu.*
Ndefu. Kama mtu aliyezuiliwa chini ya maji.

Chini, mwishoni mwa kijipira cha kupumulia,
chembamba kuliko kidole changu cha mwisho,
nikachokoa kwa waya:
vipande vya majani, mviringo, vimekatwa kwa meno,
vimekunjwa kama sigara, kimoja nyuma ya kimoja,
na ndani ya kila kimoja uji wa chavua
na buu mweupe, punje ya mchele.
Nyuki wakata-majani wa Bi Gudlaug,
anaowafuga kwa ajili ya lusani yake ng'ambo ya barabara.
Walipata tundu. Wakaona ni nyumba.

Nilitaka kuwatupa.
Metodi akawapanga kwenye kopo la tumbaku,
akatoboa kifuniko kwa msumari,
mara mbili, mara tatu,
akanitazama, akatoboa tena.

Jumatano, saa nne usiku, taa zote zinawaka,
vumbi linacheza mbele yangu.
Sitazami ngano. Natazama saa.
Simu ya upepo inakoroma; ni yeye, kwenye lori la nafaka,
ambaye tangu Machi hakuwahi kuniita humo:
"Ngapi?"
"Hamsini na mbili."
"Ngapi?"
"Hamsini na tatu, baba."
"Sisikii. Ngapi?"
"Hamsini na nne."