Alama ya Jua

Kwenye rimoti kuna vitufe ambavyo Dar haina kazi navyo.
Kimoja kina kijua, miale minane,
kama jua analochora mtoto wa chekechea.
Miaka minne sijakigusa.
Nani wa Tabata anunue joto,
joto linaloingia bure kwa darini
na kukaa sebuleni kuliko mgeni?

Mimi ni wa kile kitufe cha theluji.
Nyuzi kumi na sita, feni mwisho,
nikirudi kazini Februari, shati limenigandia mgongoni,
na LUKU inalia jikoni
kama jogoo aliyekosea saa.

Julai baba akaja kutoka Tukuyu.
Figo.
Mara tatu kwa wiki wanamtoa damu, wanaiosha, wanamrudishia,
naye anasema wanairudisha ya baridi,
kama wameipitisha Mto Kiwira.
Huyu ndiye aliyeoga nje alfajiri, mwezi wa sita,
ukungu umeficha migomba,
akitucheka tuliojikunyata kwenye mafiga.
Sasa sweta mbili, soksi, kofia ya sufu.
Jirani anapita na singlendi.
Saa nane za usiku nasikia meno yake ukutani.

Nikakumbuka kijua.
Nikabonyeza. Nikapandisha hadi thelathini.
Mashine ikanyamaza (ilishangaa, nadhani),
kisha ikatoa harufu ya vumbi lililoungua.
Robo saa, chumba tanuri.
Baba akaomba maji,
na maji yake yanapimwa, nusu lita kwa siku nzima.
Nikazima. Meno. Nikawasha. Kiu.
Kulipokucha, yuniti sita zimekwenda
na hakuna aliyelala.

Jumamosi fundi Mwinjuma akavua viatu mlangoni,
akafungua chujio, akachomoa blanketi la vumbi,
akalitazama, akanitazama.
"Dada, hii haipiki joto. Haina jiko ndani.
Inalichota nje, inalileta humu.
Unamjua muuza maji wa mkokoteni?
Hatengenezi maji yule. Unamlipa kusukuma.
Sasa wewe unamwambia kimbia, simama, kimbia.
Atachoka, na madumu yatamwagika.
Mwache atembee."
"Na thelathini?"
"Thelathini haimfikishi mapema.
Inamfanya asijue pa kusimama."

Akashusha lile pezi lielekee sakafuni:
joto litapanda lenyewe, halihitaji kufundishwa,
anzia miguuni kwa mzee.
Feni ndogo. Kanga chini ya mlango.
Usizime mpaka asubuhi.
Akaniachia chujio linachuruzika bafuni
na namba yake ya simu nyuma ya risiti.

Tangu hapo nimekuwa mhasibu wa usiku.
Naandika kwenye kalenda ya benki, kwa penseli:
ishirini na nne, meno, kidogo.
Ishirini na sita, kiu.
Ishirini na tano, alilala mpaka adhana,
akakoroma kama zamani, mama angeamka kumgeuza.
Sikujua uzima wa mtu
unaweza kukaa kwenye uzi mmoja,
ukapita kidole ukampoteza.

Jana saa kumi nilitoka uani.
Lile boksi la nje linanguruma polepole
na feni yake inapuliza baridi,
baridi kabisa, Tukuyu tupu,
ikitikisa soksi zake kwenye kamba.
Nikasimama mbele yake na gauni la kulalia
mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi.
Paka wa mama Tusekile alikaa mbali, ananishangaa.

Asubuhi baba, kofia mkononi kwa mara ya kwanza,
haulizi hali wala chai.
"Imekula ngapi?"
"Mbili," namwambia.
Zilikuwa tatu na kitu.