Pointi Mbili

Msimu mzima nilifunga pointi mbili,
zote za mtupo huru, mechi imeshakwisha utamu.
Lakini nenda Barabara ya Lamu,
mkabala na duka la aiskrimu, tuktuk zinapopanga foleni:
yule aliye juu ni mimi,
mita nne kwa sita,
nywele zinapeperushwa na feni ya mpiga picha,
mpira nimeushika kama niliyepakatishwa mtoto wa jirani.

Nyevu hayupo.
Nyevu Kitsao, jezi kumi na nne,
mzaliwa wa Ganda, mabega kama mlango wa ghala,
aliyewafunga Mombasa thelathini na moja
homa imemtoka jana yake.
Hayupo. Hata kwa nyuma, hata kivuli.

Na tulipigwa picha sote kumi na wawili.
Ilikuwa saa nane mchana,
kwa maana saa kumi uwanja ni wa wanaume,
na wanaume hawangoji.
Meneja akachungulia kwenye kamera,
akasema, "Huyu mweusi taa haimshiki."
Taa haimshiki!
Jua la Malindi limemshika miaka ishirini na sita,
halijalalamika hata siku moja.

Mimi baba niliachiwa pichani:
kofia ya ukindu, mkono begani mwa mama,
nyuma yao bwawa la hoteli
ambayo leo imeota magugu.
Aliniachia pua na rangi hii,
anwani hakuacha.
Rangi hii haikuwahi kulipa karo wala kununua unga,
sasa inalipwa: elfu ishirini, picha moja.
Nyevu kwa mwezi elfu kumi na mbili,
na hiyo ikija.

Sijasema ya majukwaani.
Mimi nikikosa: "Pole, kidosho!"
Yeye akifunga: "Dume hilo! Mkagueni!"

Na siku moja walimkagua.
Si kwa kelele, kwa barua yenye muhuri.
Akaingizwa chumba cha nyuma cha zahanati
na daktari asiyemtazama usoni.
Tulingoja nje, tumekalia mipira.
Mwanaharusi alifungua ushungi, akaufunga,
akaufungua tena.
Nyevu alipotoka aliuliza ni saa ngapi.
Saa tisa, tukamwambia.
"Basi tumebakiwa na saa moja,"
akaokota mpira.

Mimi hawakunikagua kamwe.
Waliangalia rangi wakaridhika kwamba ni mwanamke.

Juzi nilinunua rangi nyeusi, kopo la nusu lita.
Muuzaji akauliza, ya mlango au ya dirisha?
Nikasema ya kusahihisha.
Ngazi nilikodi kwa fundi mabati wa Maweni,
nikapanda usiku, umeme umekatika, bahati yangu,
na juu ya paji la uso wangu mwenyewe,
paji pana kuliko meza ya kula,
nikaandika: 2.
Chini yake, kwenye shingo, hadi kwenye nembo ya aiskrimu:
NYEVU, 412.
Nikashuka mikono inatetemeka,
nikijiona mtu mwema.

Asubuhi akapita na baiskeli ya kakake.
Akaweka mguu chini, akasoma taratibu,
akacheka puani.
"Ni mia nne na kumi na tisa. Umenidhulumu saba."
Kisha, akiwa ameshapiga pedali:
"Na zile elfu ishirini?"

Saa nane. Jua la utosi.
Nimewatangulia wote uwanjani.
Bahasha nimeitia ndani ya kiatu chake cha kulia;
imepungua elfu tatu, nilishazila,
nimemwandikia hivyo kwa kalamu, bila mashairi.
Najaribu mtupo huru.
Mpira unagonga chuma, unarudi.
Kiwiko changu kinakaa vibaya, ananiambia kila siku.
Unagonga chuma, unarudi.