Daftari la Mauzo

Nakala mia tano. Naandika kwa kalamu ya bluu,
nyekundu ilikauka kabla hasara haijafika.

Ambakisye, Ngozi Volkano imerudi.
Miaka ishirini na saba tulikaa kama injini mbovu za TAZARA,
nyasi zimeota hadi kwenye breki,
halafu Lusubilo akastaafu, akapata kiinua mgongo,
akasema badala ya bajaji tutoe albamu.
Mkewe hajamsemesha tangu Jumatano ile.

Studio iko Mwanjelwa, juu ya duka la mbolea.
Trei za mayai ukutani, blanketi dirishani,
na kila walipotupa gunia huko chini
maikrofoni ilishtuka, tukaanza upya.
Prodyuza anaitwa Gwakisa,
umri wake nusu ya umri wa gitaa langu.
Akasema, "Wazee, ngoma zimo ndani ya kompyuta."
Tukachungulia.
Akabofya: ti, ti, ti, safi kama vyombo vya hospitali.
Lusubilo akavaa koti.

Ndipo nikaikumbuka kaseti ya mazoezi,
ile ya ukumbi wa reli, Juni, baridi ya kukata masikio,
sisi na lile kanyagio la gitaa lililovuka Tunduma
ndani ya gunia la dagaa,
likinguruma kama msumeno wa Mafinga uliokutana na msumari.
Roki, tuliita, na mameneja wa reli wakaziba masikio.
Na wewe nyuma, glavu umezikata vidole.
Kabla ya wimbo wa tatu unakohoa. Mara mbili.
Kisha: moja, mbili, haya.

Siku nne Gwakisa aliusafisha utepe ule.
Akaondoa mvua juu ya bati. Akaondoa mbwa.
Alipofika kwenye kikohozi nikamshika mkono.
"Mzee, redio hazitaupiga."
Nikamwambia hazikuupiga hata alipokuwa mzima.

Haya, hesabu.
Redio: moja, saa tisa usiku, mtangazaji akatuita kwaya.
Mtandaoni: wametusikiliza watu elfu sita na kitu,
na malipo yake hayafiki debe la viazi pale Uyole.
Madereva wa foleni ya Tunduma: flashi themanini na tatu,
elfu tatu tatu, wawili wamelipa kwa dizeli.
Stendi ya Nane Nane: sidii kumi na moja.
Iringa tulipeleka hamsini, zimerudi arobaini na tisa,
na hiyo moja sijui iliuzwa au ilikaliwa.
Harusi ya Vwawa walituita tupige,
wimbo wa pili wakatuomba tupunguze sauti,
wa tatu wakatuletea chakula mapema.
Zimetoka milioni tatu na laki mbili.
Zimeingia laki sita na ushee.
Huo ushee ndio nauli yetu ya kurudi.

Jana alikuja Subilaga wako,
katoka Kiwira na mkungu wa ndizi.
Hana mashine ya kuchezea sidii, lakini akataka kununua,
akafungua fundo la kitenge, akahesabu noti moja moja
kama anayetaka zisiishe.
Tukamwekea kwenye simu ya Gwakisa.
Wimbo wenyewe hakuujali.
"Rudisha," akasema. "Hapo. Rudisha tena."
Mara tisa kijana akarudisha, mara ya kumi hakungoja kuambiwa.
Chini walikuwa wanatupa magunia.
Subilaga akajifuta pua kwa ncha ya khanga:
"Nilimwambia avae sweta."

Elfu kumi yake ipo hapa, nimeibana kwa pini.
Safu ya mapato imekataa kuipokea,
au mkono wangu ndio umekataa.
Lusubilo ameshapiga simu mara mbili,
anauliza ya pili tunaanza lini.
Sijamjibu. Ndizi zimeanza kuiva.
Nakala zilizobaki ziko chini ya kitanda changu,
nikigeuka usiku, plastiki zinalia.