Mcheza Kwao

Ratiba imefika Jumanne, kwa posta,
karatasi mbili na pini moja yenye kutu.
Nimeisoma nimesimama barazani, kofia kichwani,
Februari ikiunguza nyayo, mbwa hajala.
Mechi kumi na nane: saba hapa Korrabil,
kumi na moja ugenini.
Na fainali, kama mwaka jana, kama mwaka juzi,
Stanbridge,
kwa kuwa Stanbridge kuna taa na viti vyenye migongo,
kuna maegesho ya lami na choo kisichovuja.

Mimi Noeline Trezise ndiye nichoraye mstari.
Miaka ishirini na tisa, kila Ijumaa ya baridi,
nasukuma kigari cha chokaa kulizunguka yai hili la nyasi,
toka milingoti minne ya upande wa maghala ya ngano
hadi milingoti minne ya upande wa makaburi,
na kurudi.
Najua mahali mpira unapodunda kisha ukaghairi.
Najua upepo wa saa tisa, nani unampenda.
Wakifunga wetu, pikapu zote ukingoni hupiga honi,
na kasuku wa waridi huruka kama kitambaa kilichokung'utwa.
Mcheza kwao hutunzwa, walisema waliosema.
Hawakusema atunzweje
akipelekwa kwa jirani, akaambiwa: hapa ndipo kwenu.

Mwaka jana tulishinda kumi na nne.
Pointi hamsini na sita, juu ya msimamo, peke yetu.
Kelvin Obst wa kamati akanipigia simu:
"Uwanja ule si wa mtu, Noeline. Ni wa wote."
Wa wote!
Mbona basi wao waliamka vitandani mwao, wakala mayai,
na sisi tukaondoka saa kumi alfajiri
kilomita mia mbili na arobaini, taa zikitafuta kangaruu,
Dane Hoffrichter, mtu wa mita mbili na ushei,
amekunjwa kwenye kiti cha basi la watoto wa shule?
Tulifungwa kwa pointi tatu.
Goti la Dane lilikamaa robo ya mwisho.
Hilo halikuandikwa popote.

Nikasema leo naandika barua, na barua itakuwa na tarakimu.
Nikaenda klabuni, nikashusha madaftari ya zamani,
vumbi, mavi ya panya, harufu ya pai ya nyama
iliyoingia kwenye mbao isitoke.
Nilitafuta deni lao.
Nikakuta ukurasa wa Aprili, mwaka wangu wa pili:

Hoja: timu zisisafiri tena kwenda Tallagar.
Uwanja una kokoto. Bafuni hakuna maji.
Mechi zao zote zichezwe kwa wenzao.
Walionyosha mikono: tisa.
Jina la tatu, N. Trezise.

Sikukumbuka mkono. Nilikumbuka kokoto,
na Beryl Tonkin wa Tallagar, aliyechora mstari kwa majivu ya jiko
kwa vile chokaa haikununulika,
mstari uliopeperuka kabla ya mapumziko,
nasi tukacheka, tumeketi kwenye magari yetu.
Walicheza ugenini misimu miwili mfululizo.
Wa tatu hawakuja.
Siku hizi ngano imepita katikati ya uwanja wao.
Milingoti imebaki upande mmoja.

Mkuki ule ule. Nilikuwa nimesahau tu
upande wa mpini.

Barua nimeiandika hata hivyo.
Deni la Stanbridge ni deni, sikufuta tarakimu hata moja.
Ila chini ya sahihi nimeongeza ombi la pili:
mechi moja, Julai, Tallagar.
Kelvin amepiga simu usiku huu, anacheka, anakohoa,
anauliza kama nimeugua.
Kule hakuna klabu, Noeline. Hakuna hata lango la pili.
Na mstari, nani atachora?

Nimemwambia chokaa ninayo,
mfuko na nusu.