Ubeti Ulioingia Ukutani

Kavugho haandiki kwa wino.
Anapaka maziwa ya mgando kutoka Masisi
juu ya lava ya Buhene, herufi kwa herufi,
kisha anangoja ukoga uyanywe.

Neno *maji* lilichukua masika mawili.
*Mama* bado ni doa la kijivu.
Mvua humfutia anapokosea
na mara nyingine asipokosea.

Wenye chukudu humpigia mluzi:
Dada, jiwe nalo linanyonya?
Linanyonya, anajibu. Mwulizeni shangazi yangu,
nyumba yake iko chini ya mstari wa tatu.

Jumanne moja Musubao akafika na nyundo.
Ana watoto sita na turubai lililochoka.
Alivunja kuanzia *maji* hadi nukta,
akapakia, akashuka nayo Majengo.

Kavugho hakulia. Alimfuata na kopo la maziwa.

Sasa kuna jiko kule, moshi wa makala,
na nyuma, upande unaopigwa na umande,
silabi zimelala ovyo: *ji*, *ma*,
nusu ya *a* imepinduka.
Kitinda mimba wa Musubao
huzipitia kwa kidole, polepole, akisoma lisilokuwepo.

Jana kwenye ufa pamechipuka kangaga.
Kavugho anasema hilo hakuliandika.