Kimya, Dakika Nne

Kinasa sauti kimelala juu ya beseni lililofudikizwa,
taa yake nyekundu ikipepesa kama jicho la mlevi.
Nimemuuliza Driciru, mshiriki wa kumi na saba:
"Usiku ule, uliumwa kiasi gani?"
Naye akageukia dirisha.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Sasa ni saa nane za usiku, Arua,
nimeziba masikio kwa visikilizio,
miguu ndani ya maji ya chumvi
(wajawazito kumi na mmoja leo, wauguzi wawili,
mmoja wao mimi),
naandika neno kwa neno, kikohozi kwa kikohozi,
mpaka nafika pale asipojibu.

Nasikia ndoo. Nasikia jogoo asiyejua saa.
Mtu anapita ukumbini akiburuta kandambili.
Kitanda cha saba, kitoto kinapiga chafya,
ndogo, kama bahasha inayofungwa.
Driciru hasemi.

Siku ya kwanza, Kampala,
ofisini penye zulia na birika la umeme,
Profesa Nabukalu aliniuliza:
"Pengo la maarifa liko wapi, Bi Candiru?"
Nikamjibu kwa lugha ya majarida,
nikataja waandishi na miaka yao
kama shangazi anayesoma orodha ya mahari.
Sikumwambia kwamba pengo lina godoro la plastiki, la kijani,
limechanika upande wa miguu.
Sikumwambia kuwa mwaka wangu wa tatu kazini
nilipita na tochi mdomoni, faili mkononi,
nikamuuliza mwanamke kama tunavyouliza sote, tukitembea:
"Unaumwa?"
Akatikisa kichwa.
Uchungu wa uzazi kwetu haulilii;
mama mkwe yuko nyuma ya pazia, anahesabu.
Nikaandika: Maumivu, hakuna.
Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku zile.

Alfajiri tulikunja shuka.

Mama yangu: "Udaktari gani huo usioandika dawa?"
Mume wangu hakuuliza kitu, alihamisha tu meza
karibu na swichi, akaweka kipande cha mbao
chini ya mguu mfupi.
Matroni alisema likizo ya masomo ipo, kwenye karatasi.
Kamati ya maadili ikarudisha fomu zangu mara tatu,
wakitaka kujua: je, maswali haya
yanaweza kumdhuru mshiriki?
Nikacheka peke yangu stoo, kati ya maboksi ya glavu,
cheko lililokuja na kamasi,
kisha nikajaza: Yanaweza.

Dakika ya pili. Mvua inaonja bati, inaacha.
Dakika ya tatu nasikia kalamu, tik, tik,
na natambua kidole ni changu:
mtafiti mzima, shahada mbili ukutani,
nilikuwa namharakisha kwa kidole gumba.
Kisha kalamu inanyamaza.
Kiti kinalia, mtu ameegemea.
Pumzi mbili, haziendi pamoja.

Na ndipo, kwa sauti ya mtu anayetafuta sindano sakafuni:
"Sista, watoto watano nimezaa humu.
Hakuna aliyewahi kukaa."

Basi. Baada ya hapo akaniuliza bei ya sabuni mjini.

Ukurasa huu nilishautuma nusu; Profesa ameandika pembeni,
kwa wino wake mwekundu usio na hasira:
"Kimya hiki unakipa msimbo gani?"
Nina misimbo arobaini na mmoja.
Kuna Aibu, kuna Uvumilivu, kuna Hofu ya Mhudumu,
kuna Mengineyo, shimo la taka la kila utafiti.
Najaribu mmoja mmoja, kama funguo za mlango wa jirani.

Mwishowe naandika: [kimya, dakika nne].
Nakitazama.
Nafuta mabano.

Maji ya miguu yamepoa. Zamu ni saa moja.